Barua ya wazi: Mikupuo miwili inaingia kidato cha kwanza Januari 2028

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Waziri wa Fedha. Na Kamishna wa Elimu.

Waheshimiwa,

Mwishoni mwa mwaka 2027 madarasa mawili ya shule ya msingi yatamaliza kwa pamoja. La kwanza ni darasa la saba la mwisho, lililosoma kwa mtaala wa zamani tangu mwanzo hadi mwisho. La pili ni darasa la sita, wale walioingia kwenye mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024. Januari 2028 wote watabisha hodi kidato cha kwanza. Hilo limo ndani ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, mliyoizindua Dodoma Februari 2025, na mmeshalisema hadharani. Ambacho bado wananchi hawajawekewa mezani ni hesabu yake, kata kwa kata: vyumba vingapi, walimu wangapi wa somo gani, matundu mangapi ya vyoo, kwa bajeti ya mwaka upi.

Tunaoandika ni watu wa kazi hii: ukaguzi wa shule, takwimu za elimu na vyuo vya ualimu. Hatuipingi sera. Elimu ya lazima ya miaka 10 ni jambo lililochelewa. Hofu yetu ni mpangilio wa utekelezaji, kwa sababu nchi hii imeshapanua shule zake mara kadhaa na karibu kila mara wanafunzi wametangulia, vyumba vikafuata, walimu wakaja baadaye, vitabu baada ya walimu, na maabara zikabaki maboma.

Tuanzie nyuma kidogo, maana mzigo wa 2028 una asili yake.

Wakoloni waliujenga mfumo wa elimu uwe chujio, na chujio halihitaji nafasi kubwa huko juu. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili ipate makarani, wakalimani na maakida. Waingereza waliunda idara ya elimu mwaka 1920, wakatunga sheria ya elimu ya 1927 iliyowapa wamisionari ruzuku kwa masharti ya kukaguliwa, na wakaendesha shule kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Mtoto wa Kiafrika alichujwa darasa la nne. Aliyepenya akachujwa tena darasa la nane. Hapa Dar es Salaam majengo ya mpangilio ule bado tunayatumia: Tambaza ilikuwa shule ya wavulana ya Aga Khan, Forodhani ilikuwa St Joseph's ya watawa wa Kikatoliki. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, shule za msingi nchi nzima zilikuwa na watoto wasiofika nusu milioni, na sekondari zote kwa pamoja hazikuwa na wanafunzi 12,000. Chuo Kikuu kilifunguliwa Oktoba mwaka huohuo, wiki chache kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la TANU katika mtaa ambao leo ni Lumumba, kwa kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Kilihamia Mlimani mwaka 1964.

Ubaguzi wa rangi uliondolewa shuleni mara baada ya Uhuru, na sheria ya 1969 ikaziweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa serikali. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 darasa la nane liliondolewa, elimu ya msingi ikawa miaka saba. Kwa hiyo kukata darasa la juu la shule ya msingi si jambo geni kwetu, na tumeshasikia maofisa wakilitaja hilo kama faraja. Faraja hiyo haifai. Darasa la nane lilipoondolewa, chujio la kuingia sekondari lilibaki palepale, kwa hiyo sekondari haikuongezewa hata dawati. Safari hii darasa linaondolewa na chujio pia linaondolewa, kwa mpigo mmoja. Hilo halijawahi kufanyika hapa.

Kipindi kinachofanana zaidi na hiki ni cha Azimio la Musoma. Mpango wa awali ulikuwa elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1989. Novemba 1974 TANU ikaamua ifikiwe ndani ya miaka mitatu, Novemba 1977. Walimu hawakuwepo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa muda huo hata vingefundisha usiku na mchana. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha nusu ya siku na kujifunza ualimu nusu nyingine, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na waratibu waliozunguka kuwakagua kwenye vituo. Zaidi ya 30,000 walifuzu kwa njia hiyo. Walimu hao wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, wamedharauliwa kuliko wanavyostahili: wengi wao ndio waliobeba shule za vijijini kwa miaka 30 iliyofuata, na utaratibu uliowafundisha ulikuwa na kitu ambacho mipango ya baadaye haikuwa nacho, yaani msimamizi aliyetajwa na ratiba ya kumtembelea mwanafunzi wa ualimu pale anapofundisha.

Kilichovunjika ni sehemu nyingine mbili. Fedha ziliisha: vita vya Kagera, bei ya mafuta na kuporomoka kwa uchumi vilikausha vitabu na chaki wakati ambapo shule zilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 3.5. Katikati ya miaka ya 1980 michango ya wazazi ikarudishwa, na uandikishaji ukashuka na kubaki chini kwa zaidi ya miaka 10. Pili, mlango wa juu haukupanuliwa. Kundi la kwanza kubwa lilipomaliza darasa la saba, katikati ya miaka ya 1980, shule za sekondari za serikali zilichukua wachache wa kuhesabika kwa vidole katika kila watoto 100. Ndipo zikaota sekondari za Jumuiya ya Wazazi, za makanisa na za wananchi, nyingi zikianza kwa vyumba viwili na walimu wa kuazima.

Mara ya pili ilikuwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, mpango ukaanza 2002, na uandikishaji halisi ukapanda kutoka takriban asilimia 59 mwaka 2000 hadi 96 mwaka 2006. Safari hiyo wapangaji walikumbuka mlango wa juu, nao mpango wa sekondari, MMES, ukaanza 2004. Sekondari zilikuwa chini ya 2,000 mwaka 2005. Ilipofika 2010 zilikuwa zimevuka 4,000. Hakuna serikali iliyowahi kujenga sekondari kwa kasi hiyo katika nchi hii, na wananchi walichangia kwa mchanga, mawe na nguvu zao. Walimu? Wahitimu wa kidato cha sita walipewa wiki chache za mafunzo na leseni, wakatumwa kwenye shule za kata. Mtaani waliitwa voda fasta. Jina lilikuwa la kejeli, ila wenye makosa hawakuwa vijana wale. UPE walikuwa na redio, masomo ya posta na mratibu. Voda fasta wengi walifika shuleni wakamkuta mkuu wa shule peke yake, naye ana vipindi vyake 30 kwa wiki.

Tazameni muda uliopita kabla ya matokeo kuonekana. Walioingia kidato cha kwanza Januari 2009, kasi ya ujenzi ikiwa kileleni, walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Watahiniwa 6 kati ya 10 walipata daraja sifuri. Tume iliundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya mwaka 2013, hoja ikahamia kwenye viwango vya kusahihisha. Lakini namba ile ilikuwa imeandikwa miaka minne nyuma, kwenye ikama, yaani idadi ya walimu waliopangwa, ya shule za kata. Kundi la Januari 2028 litafanya mtihani Novemba 2031. Waliosaini mpangilio wa 2028 wengi watakuwa ofisi nyingine.

Kuhusu ujenzi wenyewe, mnastahili kupewa haki yenu. Mwishoni mwa 2021, kwa fedha za UVIKO-19, vilijengwa vyumba 15,000 kwa miezi michache: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kila kimoja kwa shilingi milioni 20, kwa utaratibu wa fosi akaunti. Kamati ya shule ilinunua, fundi wa mtaani akajenga, mhandisi wa halmashauri akasimamia. Januari 2022 watoto wakaingia. Hilo linaonyesha kuwa vyumba ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Linaonyesha pia mapungufu yanayojirudia kila agizo linapokuja na tarehe ya mwisho ya Desemba: kila halmashauri inanunua saruji na nondo mwezi uleule, bei inapanda, na makadirio yaliyopitishwa Septemba hayatoshi Novemba. Zege la linta na la mkanda linahitaji kumwagiliwa maji angalau siku saba na linafikia nguvu yake siku ya 28. Fundi anayekimbizwa anaanza kupandisha tofali siku ya tatu. Sakafu inasakafiwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa sawasawa, na baada ya muhula mmoja ina mashimo. Vyoo vinaachwa mwisho, na kinachoachwa mwisho ndicho kinachokosa fedha.

Sasa hesabu. Chukueni kata moja ya mfano, ya ukubwa wa kawaida kwa pembezoni mwa jiji hili, ambayo mwaka 2027 ina watoto 400 darasa la saba na 420 darasa la sita. Kwa ufaulu wa miaka ya karibuni, wa takriban asilimia 80, darasa la saba linatoa 320. Darasa la sita halichujwi, kwa sababu elimu ya lazima ni miaka 10, kwa hiyo linatoa wote 420. Jumla ni 740, badala ya 320 waliozoeleka. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa chumba, ni mikondo 19 ya kidato cha kwanza badala ya 8. Kidato cha nne kilichomaliza Novemba kinaacha vyumba, tuseme, 6. Mwaka wa kawaida kata hiyo ingehitaji vyumba vipya 2. Mwaka 2028 inahitaji 13. Kwa bei ya 2021 hizo ni shilingi milioni 260 kwa kata moja, na bei ya 2021 haipo tena.

Kwa watoto 420 wa ziada, nusu kwa nusu, kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25 kinadai matundu 20 mapya. Viti na meza 420. Kila mkondo una vipindi 40 kwa wiki. Mikondo 11 ya ziada ni vipindi 440. Mwalimu mmoja akibeba 24, wanatakiwa walimu 18 mpaka 19 zaidi kwa kata hiyo moja, na angalau 6 kati yao wawe wa hisabati na sayansi.

Halafu lipo jambo ambalo wengi wanalisahau. Hili si furiko la mwaka mmoja likapita. Januari 2029 litaingia darasa la sita peke yake, lakini wote, bila mchujo. Kwa kata yetu ya mfano ni mikondo 11 hivi, si 8, na vyumba vitakavyoachwa na kidato cha nne cha 2028 bado ni vile 6 au 7. Mwaka 2030 hivyohivyo, na 2031. Mkupuo wa mara mbili hautoki shuleni mpaka mwisho wa 2031. Anayepanga kwa ajili ya 2028 pekee anapanga robo ya kazi.

Kwa Dar es Salaam pana tatizo la ardhi. Chanika, Kivule, Mbagala, Goba, Bunju: watu wamejaa kabla ya kiwanja cha shule kupimwa. Kuna shule za msingi zinazosoma kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, kwa sababu hakuna pa kuongeza hata chumba kimoja cha chini. Jibu ni ghorofa, na ghorofa haijengwi kwa milioni 20 mara idadi ya vyumba. Ina uchunguzi wa udongo, msingi wa nguzo, zege la sakafu ya juu, ngazi mbili za kutokea dharura, kingo za veranda zenye urefu wa kumzuia mtoto. Fosi akaunti ya kamati ya shule haiwezi kuibeba. Inahitaji mkandarasi aliyesajiliwa na mhandisi anayekaa kazini, na kwa kawaida inachukua mwaka. Zabuni itakayotangazwa katikati ya 2027 haitatoa chumba Januari 2028. Bajeti ya 2026/27, inayoanza kutumika Julai 2026, ndiyo ya mwisho yenye miezi 18 mbele yake. Ya 2027/28 ina miezi sita tu, nayo ni miezi ya kukimbizana na saruji.

Msikimbilie kuwapangia watoto shule za mbali ili vyumba vya mjini vijae. Mtoto anayetoka darasa la sita atakuwa na miaka 12 hivi. Kumpangia mtoto wa Majohe shule ya katikati ya jiji ni kumweka kituoni saa kumi na moja alfajiri mbele ya konda anayemkataa kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi. Tumeliona hilo na wakubwa wake, na watoro wa sekondari za Jangwani, Azania na kwingineko wengi hawakuwa watoro wa tabia; walikuwa watoro wa daladala.

Lipo jambo jema ndani ya hesabu hii, nalo halijasemwa vya kutosha. Januari 2028 shule ya msingi itabaki na madarasa sita. Vyumba vya darasa la saba vitakuwa wazi, moja kwa moja, na walimu wake pia. Msipoamua mapema vitumikeje, vitamezwa: kila mwalimu mkuu atavitumia kupunguza msongamano wake, na kwa haki kabisa, kwa sababu wapo wenye watoto zaidi ya 100 kwa chumba. Tunapendekeza mgawanyo uamuliwe kwa maandishi kabla ya katikati ya 2027: shule ya msingi iliyo jirani na sekondari, yenye chini ya watoto 60 kwa chumba, iachie vyumba hivyo kwa kidato cha kwanza kwa miaka minne, yenye msongamano zaidi ya hapo ibaki navyo. Madawati ya msingi yabadilishwe, vyoo vya wasichana wakubwa vitenganishwe, na kundi hilo liwe chini ya mkuu wa sekondari, si mwalimu mkuu wa msingi, ili ratiba na nidhamu visiwe na mabwana wawili.

Jirani zetu Kenya walilazimika kufanya kitu cha namna hiyo bila maandalizi. Uamuzi wa kuiweka sekondari ya chini ndani ya shule za msingi ulitoka Desemba 2022, watoto wakaingia Januari 2023. Walimu wengi walichukuliwa kama wanagenzi, kwa posho na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mwaka 2024 wakagoma wakidai ajira ya kudumu. Masomo yalisimama kwa wiki kadhaa. Hatua yenyewe ilikuwa ya busara; kilichokosekana ni mwaka mmoja wa kuiandaa.

Kuhusu walimu, ukweli ni kwamba walimu wa 2028 wameshasoma. Anayeanza shahada ya ualimu leo hatakuwa tayari. Wapo mtaani, wahitimu wa miaka mingi, wanafundisha tuisheni, wanaendesha bodaboda, wanajitolea kwenye shule zilezile ambazo zingepaswa kuwaajiri. Kibali cha ajira kikitoka Novemba 2027, usaili utafanyika mwaka mpya umeshaanza na mwalimu ataripoti mwezi wa tano, muhula wa kwanza ukielekea ukingoni. Kibali kitoke Januari 2027, kwa masomo yaliyotajwa na kwa kata zilizotajwa, ili mtu aripoti Oktoba, ajue shule, apate pa kupanga chumba.

Wengine mnao tayari kwenye mishahara. Kati ya 2017 na 2018 walimu wa masomo ya sanaa walioonekana kuwa wa ziada sekondari walihamishiwa shule za msingi. Wengi bado wako huko. Wapo pia walimu wa msingi waliojiendeleza hadi shahada na bado wanafundisha darasa la nne. Orodha ya makundi hayo mawili ipo kwenye mfumo wa taarifa za watumishi. Kuitoa ni kazi ya wiki moja. Kinachokwamisha ni fedha za uhamisho. Mwalimu akihamishwa bila kulipwa anaongezeka kwenye malimbikizo, na malimbikizo ya walimu yameshakuwa wimbo wa kila Mei Mosi. Kifungu cha uhamisho kiwekwe kwenye bajeti hiyohiyo ya 2026/27. Na tuseme wazi: njia hii itatatua Kiswahili, Historia na Jiografia. Haitatatua Fizikia na Hisabati. Kwa hayo mawili, pelekeni mwalimu mmoja kwenye shule mbili zilizo jirani, kwa ratiba iliyopangwa na afisa elimu kata, nauli yake ikilipwa na halmashauri, kuliko kumwachia mwalimu wa Uraia afundishe Fizikia kwa kusoma kitabu usiku.

Ndani ya chumba kimoja watakaa watoto wa aina mbili. Mmoja amesoma miaka saba, mwingine sita. Mmoja amesoma mtaala wa zamani, mwingine mpya. Wa darasa la sita atakuwa na mwaka mmoja pungufu wa Kiingereza, na kidato cha kwanza kinafundishwa kwa Kiingereza asubuhi ya kwanza. Wakuu wa shule watashawishika kuwatenganisha: mikondo A mpaka H wa darasa la saba, I mpaka S wa darasa la sita. Wakatazeni. Mkondo wa wadogo utapewa walimu waliobaki, na baada ya mwaka mmoja utakuwa na sifa ya mkondo wa wajinga. Wachanganywe, na kozi rekebishi ya mwanzo wa mwaka iwe na mtihani wa kupima mwanzoni na mwishoni, ichukue wiki nane kamili, vipindi vya Kiingereza viwe viwili kila siku. Taasisi ya Elimu ina uwezo wa kuandika moduli yake sasa. Ikisubiri 2027 itaandikwa kwa kunakiliwa.

Vitabu haviogopeshi kama vinavyoonekana. Vitabu vya kidato cha kwanza vichapwe mara mbili kwa 2028; mwaka 2029 kundi la kidato cha kwanza ni dogo zaidi na litatumia vilivyopo, kwa hiyo fedha ya mwaka huo inahamia kidato cha pili. Kinachotakiwa ni kutanguliza manunuzi, na jumla ya miaka minne haiongezeki maradufu. Ruzuku ndiyo yenye mtego. Shule ya sekondari inahesabiwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikibaki kwa ajili ya vitabu, na fidia ya ada ya 20,000 kwa wa kutwa. Zikikokotolewa kwa takwimu za Machi 2027, shule itaendesha watoto 740 wa kidato cha kwanza kwa fedha za 320 mpaka takwimu za Machi 2028 zichakatwe. Mkuu wa shule atafanya nini? Ataitisha mchango, na mchango mmeukataza. Toeni waraka kwamba kwa Januari hadi Juni 2028 ruzuku italipwa kwa idadi ya waliopangiwa.

Neno fupi juu ya mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, ulioanza 2024 kwenye shule zisizofika 100. Tulikuwa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu tangu miaka ya 1970, na sekondari za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga na Bwiru. Mashine zilikufa kwa kukosa vipuri, mikanda na umeme wa njia tatu, na walimu wa karakana walipostaafu hawakupata warithi. Karakana ya useremala au uchomeleaji inafundisha watu 20 kwa zamu kwa usalama, si 40. Kwa hiyo mkondo mmoja wa amali unadai zamu mbili na mwalimu mara mbili. Msiutumie kama mahali pa kuwamwaga watoto waliokosa chumba.

Kwa vyuo, tarehe ni hizi. Kundi hili litahitaji kidato cha tano, VETA na vyuo vya kati Julai 2032, na vyuo vikuu mwishoni mwa 2034. Bodi ya Mikopo na Tume ya Vyuo Vikuu waanze kuliandika kwenye mipango yao sasa. Bado wana muda, tofauti na ninyi.

Tunayoomba yanawezekana bila sheria mpya. Kila mtoto wa darasa la sita wa 2027 ana namba yake kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, tangu alipoanza shule, kwa hiyo watoto hawa hawatabiriwi, wako kwenye rejesta. TAMISEMI itoe jedwali la kata zote nchini lenye safu sita: idadi ya darasa la sita na la saba, vyumba vya sekondari vilivyopo, vitakavyoachwa na kidato cha nne, upungufu, walimu kwa somo, na chanzo cha fedha. Libandikwe kwenye ofisi za kata na lijadiliwe kwenye mabaraza ya madiwani kabla bajeti ya 2026/27 haijapita bungeni. Safu ya sita ikiwa tupu kwa kata yoyote, liandikwe jina la cheo cha anayetakiwa kuijaza na tarehe.

Wenu katika kazi,

Wakaguzi wa shule, maofisa takwimu na wakufunzi wa ualimu wastaafu,
Dar es Salaam